Nyumba ya Muislamu: Makovu ya Chunusi na Wajibu Wetu kwa Vijana



Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja, naye ametutaka tusitaje jina lake wala mji wake. Asema kwamba binti yake ana umri wa miaka 19, na tangu alipokuwa na miaka 14 uso wake haukupata kutulia kwa chunusi. Sasa chunusi zimepungua, lakini hazikwisha, nazo zimeacha alama nyeusi mashavuni, na katika upande mmoja wa taya mna vishimo. Binti huyo ameposwa, na nikaha yake imewekwa Mfunguo Mosi. Mama aeleza kwamba kadiri siku zinavyokaribia ndivyo mtoto anavyozidi kujifungia chumbani; na akitoka hujifunika mtandio mpaka puani, si kwa ajili ya stara bali kwa kuuonea haya uso wake. Jirani amemletea kikopo cha krimu kisicho na karatasi wala jina, akamwambia ampake kwa muda wa wiki mbili tu, na uso utakuwa kama wa mtoto mchanga.

Maswali ya mama huyu ni matatu. Je, ampake krimu ile? Je, makovu ya chunusi yana dawa? Na je, kuyatafutia dawa si kubadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu?

Swali la kwanza twalijibu papo hapo, kwani halingoji: asimpake. Kikopo kile akifunge, akiweke mbali na watoto, na akienda kwa tabibu aende nacho. Sababu zake tutazieleza mbele. Maswali mawili yaliyobaki yahitaji maneno mengi kidogo, na kwa kuwa jambo hili limo katika nyumba nyingi, tumeona yafaa wote tulisome pamoja.

Sisi si matabibu. Sisi ni walimu wa chuo, na elimu yetu ni ya msahafu na ya shule ya msingi. Lakini dini yetu imetuamrisha tuwaulize wenye ujuzi katika lile tusilolijua. Basi tulikwenda kwa tabibu wa maradhi ya ngozi, tukauliza, tukaandika, kisha tukamsomea tena tuliyoyaandika ili asahihishe. Haya yafuatayo katika mambo ya tiba ni maneno ya wenye fani yao.

CHUNUSI NI NINI

Katika ngozi ya binadamu, khasa usoni, kifuani na mgongoni, kuna vitundu vidogo vinavyotoa vinyweleo, na katika kila kitundu pana tezi itoayo mafuta ya kuilainisha ngozi. Mtoto anapobaleghe, mwili wake huzidisha homoni, na homoni hizo huziamrisha tezi zitoe mafuta mengi kuliko zamani. Hapo seli za ngozi zilizokufa huchanganyika na mafuta, zikaziba mdomo wa kitundu. Ndani ya kitundu kilichozibwa huzidi vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi katika ngozi ya kila mtu bila ya kumdhuru. Basi mwili hupigana navyo, na mahali pale huvimba, huuma, na mara nyingine hutunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Kutokana na maelezo haya twapata kujua mambo matatu. La kwanza ni kwamba chunusi si uchafu. Kijana mwenye chunusi hakukosa kuoga. La pili, chunusi si alama ya tabia mbaya. Zipo nyumba ambamo kijana akitoka chunusi hutazamwa kwa jicho la shaka, akadhaniwa ana mambo ya siri, au akaambiwa kwamba hamu ya ndoa imempanda usoni. Huku ni kumdhania mja wa Mungu dhana mbaya bila ya ushahidi. La tatu, chunusi hazimwandami kijana peke yake. Wapo watu wazima wa miaka 30 na 40, khasa wanawake, wanaosumbuliwa nazo. Kwa hivyo yule anayesema, “Ngoja tu, ukioa zitaondoka,” asema jambo asilolijua.

ALAMA NA KOVU NI VITU VIWILI

Wengi wetu huita kila doa kovu. Matabibu hupambanua, na upambanuzi huu una faida kubwa, kwani humpunguzia mtu huzuni isiyo na msingi.

Chunusi ikipoa katika ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, mara nyingi huacha doa jeusi. Ngozi ilipovimba ilizidisha ile rangi yake ya asili, nayo rangi ikabaki mahali pale. Doa hili si kovu. Ngozi haikuharibika, imetiwa rangi tu, na rangi hiyo hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, na mara nyingine kwa mwaka au zaidi, maadamu chunusi mpya zimezuiwa na jua limepunguzwa.

Kovu khasa ni lile ambalo nyama ya ndani ya ngozi imeharibika. Nalo ni la namna mbili. Kuna kovu la kushuka, nalo ni kishimo: vingine vyembamba na virefu kwenda chini kana kwamba ngozi imechomwa kwa sindano, vingine vipana vyenye kingo, na vingine ni mabonde mapana yanayofanya uso uonekane kama una mawimbi. Na kuna kovu la kupanda, nalo ni nyama iliyozidi, ngumu, mara nyingine yenye kuwasha, ikaendelea kukua kupita mpaka wa jeraha lenyewe. Hilo huitwa keloidi, nalo huonekana zaidi katika watu wenye ngozi nyeusi, khasa kwenye taya, kifua, mabega na mgongo.

Mama aliyetuandikia amchukue binti yake, amweke karibu na dirisha au taa, mwanga umpige kwa ubavuni. Palipo na doa tupu pataonekana sawasawa, na palipo na kishimo pataonekana kivuli. Twadhani ataona kwamba sehemu kubwa ya yale anayoyaita makovu ni madoa, na madoa yana matumaini mengi.

NAMNA YA KUZUIA MAKOVU

Tabibu alituambia jambo ambalo twataka kila mzazi alishike: dawa iliyo bora ya kovu la chunusi ni kuitibu chunusi mapema. Kadiri uvimbe unavyokaa ndivyo unavyokula nyama ya ndani. Mzazi anayesema, “Ni ujana huo, utapita,” kweli ujana hupita, lakini vishimo havipiti. Basi akiona mtoto wake ana chunusi kubwa zenye kuuma na zenye mizizi ndani, au akiona kishimo cha kwanza, au ikiwa katika ukoo wao mna keloidi, asingoje.

Pili, chunusi haibinywi. Wallahi jambo hili ni jepesi kusema na zito kutenda, kwani mkono wa kijana hauachi kwenda usoni. Lakini anayebinya huusukuma usaha ndani wakati anapodhani anautoa nje. Kitundu hupasuka chini ya ngozi, uvimbe hutambaa, na pale palipokuwa na kipele cha siku tano pakawa na kishimo cha miaka hamsini. Kucha zikatwe, na kijana apewe kazi ya mikono.

Tatu, uso usisuguliwe. Muislamu huosha uso wake kwa udhu mara tano kwa siku, na maji ya udhu hayadhuru. Linalodhuru ni kutumia sabuni kali kila udhu, au kusugua kwa dodoki. Sabuni laini mara mbili kwa siku yatosha, asubuhi na usiku. Udhu mwingine wote uwe kwa maji matupu, na uso ukaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusa tu, si kwa kufuta kwa nguvu.

Nne, atazame kile kinachogusa uso. Mafuta mazito ya nywele huteremka kwenye kipaji yakaziba vitundu. Mtandio uliokaa siku nyingi bila ya kufuliwa, ukingo wa kofia uliojaa jasho, foronya ya mto, vyote hivi vifuliwe mara kwa mara. Kadhalika mahali pa kusujudia pawe safi. Mafuta ya kupaka usoni yawe mepesi, ya aina isiyoziba vitundu.

Tano, jua. Jua huyakoza madoa na kuyachelewesha kuondoka. Mwavuli, kofia pana, na kupita kivulini ni tiba isiyo na gharama. Na anayeweza, apake krimu ya kuzuia jua yenye nguvu ya 30 au zaidi.

Sita, atunze chakula chake. Wataalamu wameona kwamba vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi huweza kuzizidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Soda na chai ya vijiko vitano zikipunguzwa, mwili wote utashukuru, si uso peke yake.

Na hapa twapenda kusema neno na masomo na makungwi wetu wanaowapamba mabibi harusi. Singo ni desturi yetu njema, na liwa lina baridi na harufu nzuri, hatuwakatazi. Lakini singo yasugua, na uso wenye chunusi ukisuguliwa huchubuka na kuvimba zaidi. Basi bibi harusi mwenye chunusi asingwe mwili, uso uachwe. Ama limau, magadi na dawa ya meno visipakwe usoni kamwe. Limau likipakwa kisha ngozi ikapigwa na jua huunguza, likaacha weusi ulio mbaya kuliko ule uliotafutiwa dawa.

DAWA ZINAZOJULIKANA

Zipo dawa za kupaka ambazo nguvu zake zimethibitika, na nyingi hupatikana katika maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, nayo huua vijidudu vya chunusi. Mwenye kuitumia ajue kwamba hufuta rangi ya nguo. Asipake kisha akavaa kanzu yake ya rangi au akalalia shuka mpya. Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, nayo huzibua vitundu na kuzuia visizibe tena. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Ya tatu ni asidi azelaiki, yenye kufaa chunusi na madoa pamoja, kwa hivyo yawafaa sana watu wa ngozi zetu.

Siku za mwanzo dawa hizi huweza kukausha ngozi na kuiwasha. Mtu aanze kwa kupaka siku moja na kuacha siku moja, mpaka ngozi izoee. Wakati ulio mwema ni baada ya sala ya Isha, uso ukiwa umekauka, kwani hapo hana udhu mwingine wa karibu wa kuiondoa. Dawa inayopotea ndani ya ngozi haina haja ya kusuguliwa ili udhu wa Alfajiri usihi. Lakini kitu kikikaa juu ya ngozi kama utando unaozuia maji, hicho sharti kiondolewe kwanza. Na dawa ya kupakwa haifunguzi mwenye saumu.

Sharti kubwa la dawa hizi ni subira. Haionekani faida kabla ya wiki 6 au 8, na pengine wiki 12. Vijana wengi hupaka siku kumi, wakatazama kioo, wakaitupa. Kisha hununua nyingine, wakaitupa, mpaka fedha ikaisha na chunusi zikabaki.

Chunusi zikizidi, tabibu huweza kuongeza vidonge vya antibiotiki kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Mtu asijinunulie vidonge hivi mwenyewe, kwani vikitumiwa ovyo vijidudu huvizoea.

Na iko dawa moja ya kumeza yenye nguvu kuliko zote, iitwayo isotretinoini, ambayo hutumika kwa chunusi kali zenye kuacha makovu. Hii haitumiwi ila kwa amri na uangalizi wa tabibu. Twaomba kila mzazi mwenye binti asome mstari huu mara mbili: mwanamke akichukua mimba hali anatumia dawa hii, mtoto aliye tumboni yumo katika khatari kubwa ya kuzaliwa na kasoro kubwa za kichwa, moyo na ubongo. Sharti asipate mimba muda wote wa dawa, na kwa mwezi mmoja baada ya kuiacha. Kwa hivyo binti anayekaribia kuolewa, au aliyeolewa, hapana budi amwambie tabibu khabari zake zote wala asione haya. Na mume naye ajue. Hata adapalini haifai kwa mwenye mimba. Benzoili peroksaidi na asidi azelaiki ndizo zenye amani zaidi kwake, na hata hizo aulize kwanza.

KIKOPO KISICHO NA JINA

Sasa turudi kwa kikopo cha jirani. Krimu nyingi zinazouzwa mikononi kwa ahadi ya kuondoa madoa kwa siku chache ni mkorogo, na katika mkorogo hupatikana mambo matatu.

La kwanza ni zebaki. Hii ni sumu. Hupenya ngozi, ikaingia mwilini, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Tena haimdhuru mwenye kuipaka peke yake, kwani hubaki katika taulo, shuka na mikono, ikawafikia watoto wa nyumbani ambao hawajui lolote. Ulimwengu umekwisha kukubaliana katika jambo hili: Mapatano ya Minamata, yaliyotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, yanakataza kutengeneza na kuuza krimu za namna hii. Minamata ni mji wa Japani ambao watu wake walipata msiba mkubwa kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, nao wakala samaki. Watu wale walidhurika bila ya kujua. Itakuwaje sisi tuinunue kwa fedha zetu na kujipaka wenyewe?

La pili ni dawa kali za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa za kweli za maradhi mengine ya ngozi, kwa amri ya tabibu na kwa siku chache. Zikipakwa usoni kwa muda, uvimbe hupoa upesi, na mtu akasifu; kisha ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, mishipa ikaonekana, malaika wakaota mashavuni, na chunusi mpya zikafumuka nyingi kuliko za zamani. Mwenye kuacha ghafla huona uso ukiwaka moto, akarudia kikopo. Huo ndio mtego. Aliyekwisha kuingia asione haya. Aende kwa tabibu amsaidie kutoka.

La tatu ni haidrokwinoni. Tabibu huweza kuitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu; lakini ikitumiwa ovyo kwa miaka, ngozi hugeuka ikawa nyeusi ya buluu, na weusi huo ni mgumu sana kuondoka.

Basi kila krimu isiyo na karatasi, isiyotaja vilivyomo, inayoahidi weupe au kuondoa doa kwa wiki mbili, ikimbieni.

MAKOVU YALIYOKWISHA KUPATIKANA

Je, vishimo vina dawa? Jawabu ni kwamba vina tiba ya kuvipunguza. Wala hapana mwenye kuweza kuahidi kwamba uso utakuwa kana kwamba havikuwapo. Anayeahidi hivyo anataka fedha.

Kwanza chunusi zenyewe zitulizwe kabisa, kwani haifai kuziba tundu la paa hali mvua inaendelea kulitoboa. Kisha tabibu wa ngozi hutazama ni vishimo vya namna gani. Vipo vinavyotibiwa kwa kuchomwa sindano ndogondogo nyingi ili ngozi ijijenge upya; vipo vinavyotiwa tone la asidi maalumu ndani ya kishimo; vipo ambavyo tabibu hupitisha sindano chini ya ngozi akate nyuzi zinazokivuta kishimo; na iko miale ya leza. Mambo haya hufanywa mara kadhaa, kwa miezi, nayo yana gharama. Watu wa ngozi nyeusi wajihadhari khasa na leza na asidi kali mikononi mwa asiye stadi, kwani huweza kuacha madoa au keloidi. Yafaa yafanywe na tabibu aliyesomea ngozi, si katika duka la urembo.

Ama keloidi, haikatwi ovyo. Ikikatwa peke yake mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Tiba yake ya kawaida ni tabibu kuichoma sindano ya steroidi ndani yake mara kwa mara mpaka ilainike na kushuka.

Wengi hudhani kwamba tabibu wa ngozi ni mtu wa Ulaya tu. Si hivyo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa mwaka 1992 chuo cha kufundisha wataalamu wa maradhi ya ngozi, na waliosoma hapo wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Anzeni katika zahanati iliyo karibu, na muombe muelekezwe.

JE, NI KUBADILI MAUMBILE?

Mtume wetu, s.a.w., ametuhimiza kutafuta dawa, na ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Chunusi ni maradhi, na kovu ni athari ya maradhi. Kuondoa madhara ya maradhi si kubadili maumbile, bali ni kuyarudisha maumbile yalivyokuwa.

Na dalili iliyo wazi ni kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, r.a., kilichopokewa na Abu Daudi na Tirmidhi. Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili, akajiwekea pua ya fedha, nayo ikatoa harufu mbaya. Basi Mtume, s.a.w., akamwamrisha aweke ya dhahabu. Tazameni: dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini kwa ajili ya kuondoa aibu na adha katika uso wa Muislamu, ilihalalishwa kwake. Kutokana na kisa hiki wanavyuoni wamepambanua baina ya kutibu kasoro, ambako kunajuzu, na kujigeuza kwa kutoridhika na umbo alilokupa Mola wako. Kwa hivyo kutibu doa la chunusi kuna ruhusa, ama kujichubua ili kuikimbia rangi yako ya kuzaliwa ni jambo jingine. Tena dawa iwe haina madhara, kwani haifai kuondoa dhara kwa dhara, wala haifai kuuza chakula cha watoto ili kununua uso.

MAKOVU YASIYOONEKANA

Tumelichelewesha jambo moja mpaka mwisho, kwani kulisema kwatuelemea.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa umri wa miaka 15, mwenye sauti nzuri kuliko wote chuoni. Alikuwa akihifadhi, naye amekwisha kufika juzuu ya ishirini na moja. Uso wake ulikuwa umejaa chunusi kubwa zenye kuvimba, na wenzake walimpa jina la Fenesi. Sisi tulilisikia jina hilo, hatukulikemea. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, tulipokuwa tukiwaita wanafunzi mmoja mmoja, ulimi wetu ulitamka, “Aje Fenesi asome.” Chuo kizima kikacheka, nasi tukacheka. Kijana akaja, akakaa, akasoma sehemu yake mpaka mwisho bila ya kosa hata moja, akatubusu mkono kama ilivyo ada, akaondoka. Hakurudi tena.

Wiki tatu zilipita ndipo tukaenda kwao. Baba yake alistaajabu, kwani kila siku mtoto hutoka na juzuu yake kwapani, akarudi Magharibi. Kumbe alikuwa akikaa pwani nyuma ya mashua mpaka jua litue. Tulimwomba radhi mbele ya baba yake, kisha mbele ya chuo. Alisamehe, lakini kwetu hakurudi. Alikwenda kuhitimisha kwa mwalimu mwingine. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na mashavu yake yana vishimo. Tukikutana msikitini hutuamkia kwa adabu na kutaka mkono wetu aubusu, nasi huinamisha macho. Tulimwona kila siku kwa miaka miwili, tukasema ni ujana, utapita. Hatukumwambia baba yake hata siku moja ampeleke kwa tabibu. Mola wetu amekataza waziwazi, katika Suratul Hujurat, kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Sura hiyo tulikuwa tukiisomesha.

Basi enyi walimu wenzetu, enyi wazazi, na nyinyi vijana mnaotaniana: chungeni ndimi zenu. Kijana wa umri huo hana mlinzi wa moyo wake. Mkimwona amejifungia, hali chakula, hataki kuonekana, akisema maneno ya kuchoka na maisha, msiseme kwamba adeka. Kaeni naye, msikilizeni, na mpelekeni kwa mjuzi upesi.

Na nyinyi vijana wenye chunusi na makovu, kumbukeni sahaba Julaybib, r.a., ambaye hakuwa na sura ya kupendwa na watu, Mtume, s.a.w., mwenyewe ndiye aliyemposea mke, na siku alipokufa shahidi alimtafuta uwanjani wengine walipokuwa hawamkumbuki, akambeba kwa mikono yake mwenyewe, akashuhudia kwamba yule ni wake na yeye ni wa yule. Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu, bali hutazama nyoyo zetu na vitendo vyetu.

Ama mama aliyetuandikia, huu ndio ushauri wetu. Ampeleke binti kwa tabibu juma hili, na amwambie tarehe ya nikaha. Madoa hayatakwisha yote kabla ya Mfunguo Mosi, wala asimdanganye mtoto kwamba yatakwisha. Nikaha isiahirishwe kwa ajili ya shavu. Yule kijana aliyeposa amuone mchumba wake kwa njia iliyoruhusiwa na sheria, mbele ya walii wake, uso wazi, bila ya poda nzito wala hila. Akiridhika, basi binti ataingia nyumbani mwake hana la kuficha, na hiyo ni raha kubwa. Na akiukataa uso wenye madoa, ni kheri aukatae leo kuliko kesho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatulize vijana wetu, na atusamehe yale yaliyotoka katika ndimi zetu. Amin. Wallahu aalam.